Nta Katika Tundu la Tasa

Sadaka uliyoitoa mara ya mwisho ilikuwa mali ya nani?

Usijibu haraka. Ukiulizwa hivyo unagusa mfuko na kusema, "Yangu, ya nani tena?" Rayya binti Muhanna naye angejibu hivyo hivyo, tena kwa dhati ya moyo, na kisa chake ndicho hiki.

Waliotutangulia wametuhadithia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba zama za kale palikuwa na mji katika bara ya Omani, chini ya milima ya mawe matupu, ambao uhai wake wote ulitegemea mfereji mmoja. Maji yalitoka tumboni mwa mlima, yakapita mbele ya msikiti, kisha yakagawanyika kwenda mashambani. Mvua pale ilikuwa habari ya kusimuliwa. Kwa hiyo maji yalikuwa na wenyewe, kila mwenye shamba alikuwa na zamu yake, na zamu ilipimwa kwa tasa.

Tasa yenyewe ilikuwa bakuli la shaba lenye tundu dogo kitakoni. Iliwekwa juu ya maji tulivu ya hodhi la msikiti, ikaelea. Maji yakapanda kupitia lile tundu, taratibu, mpaka tasa ikajaa na kuzama. Ikizama, kipimo kimoja kimekwisha. Msimamizi anaiinua, anaimwaga, anairudisha majini, na vipimo vya mtu vikitimia anapaza sauti kumwita anayefuata. Naye huyo anaziba kwa udongo mlango wa shamba la mwenzake na kufungua wa kwake. Watu wa mji ule waligombana juu ya ndoa, juu ya mirathi, juu ya nani asimame safu ya mbele msikitini, lakini na tasa hakuna aliyebishana.

Msimamizi wa zama hizo alikuwa Sheikh Muhanna bin Saif, Allah amrehemu, mtu ambaye akikwambia kumekucha huna haja ya kufungua dirisha. Lakini ulipofika mwaka mmoja wa ukame, macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Baada ya Alasiri, jua linapolala juu ya maji na kung'aa, hakuweza kuiona tasa sawasawa. Basi saa hizo alikaa barazani kusomesha Qur'ani, na tasa akamwachia Rayya, bintiye wa pekee, msichana wa miaka kumi na mitano. Watu walilijua hilo na hawakunung'unika. Binti wa Sheikh Muhanna, walisema, ni Sheikh Muhanna mwenyewe. Sifa za namna hii tunapenda kuwavika watoto wetu, kisha tunashangaa zikiwabana.

Zamu mbili za mwisho wa mchana zilikuwa hivi. Kwanza Bibi Shinuna, mjane, mwenye kishamba cha mitende michache na wajukuu wa kulea. Baada yake Bwana Hilal bin Mas'ud, tajiri wa mji, ambaye zamu yake ilikwenda mpaka adhana ya Magharibi. Adhana ikisikika, mchana umefungwa, umetosheka hukutosheka. Zamu za usiku zilikuwa za watu wengine.

Bibi Shinuna ndiye aliyemlea Rayya tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mwanamke wa ulimi mkali na moyo laini, na mwaka ule mitende yake ilikuwa ikikauka kuanzia juu. Rayya akiwa amekaa kando ya hodhi alikuwa akimsikia akiukaripia mtende mkubwa kuliko yote, ule uliopandwa na marehemu mumewe.

"Kama unataka kufa, kufa upesi nipate kuni," anauambia. "Unanitesa bure. Yeye mwenyewe alipokufa hakunisumbua hivi."

Kisha anaukumbatia, akidhani haonekani.

Upande wa pili Rayya aliuona ukuta wa Bwana Hilal, mrefu, uliopakwa chokaa, na miti ya ndimu ikichungulia juu yake kwa shibe. Chini ya ukuta ule palikuwa na tundu, na kila jioni, kabla ya adhana, maji yalitoka hapo yakateremka bondeni. Rayya akayatazama siku nyingi. Huyu amekunywa mpaka anamwaga, akasema moyoni, na Bibi yangu anaulilia mti.

Hakwenda kutazama maji yale yanafika wapi. Watoto wa watu kama Sheikh Muhanna hawakuwa na shughuli kule bondeni.

Aliyekuwa na shughuli kule alikuwa Mabruk. Huyu alikuwa kijana aliyefuga nyuki katika magogo ya mitende, mtaratibu, mcha Mungu, mwenye maneno machache. Mama yake alitoka pwani yetu hii, na hakupelekwa Omani kwa hiari yake. Baba yake Bwana Hilal alimwacha huru kabla ya kufa, na mji ukamsifu sana kwa wema huo, bila kuuliza nani alimnunua hapo mwanzo.

Rayya akamwendea Mabruk akamwomba nta kidogo.

"Ya nini, binti Sheikh?"

"Ya kupaka uzi wa kushonea."

"Chukua. Nyuki mwaka huu hawana asali, lakini nta wanayo."

Siku ile ile, ilipofika zamu ya Bibi Shinuna, Rayya akabandika nta kwenye ukingo wa tundu la tasa. Hakuliziba, alilipunguza tu, likabaki jembamba kama tundu la sindano. Tasa ikaelea, ikaelea, ikachelewa kuzama. Zamu ya Bibi ilipokwisha akaibandua nta kwa ukucha, na ya Bwana Hilal akaipima kwa haki kabisa, mpaka adhana ilipoikata. Kesho yake akafanya tena. Na usiniulize kama alilala vizuri. Alilala vizuri sana, kama wanavyolala watu wote waliotenda jema.

Mtende wa marehemu ukatoa makuti mabichi.

Hapo ndipo mji ulipojiingiza. Mwanamke mmoja alipita, akaona, akasema, "Subhana llah." Wa pili akasema ni karama. Wa tatu akakumbuka kwamba Bibi Shinuna hakuwahi kukosa sala ya Alfajiri, jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Kabla mwezi haujaandama, watu walikuwa wakija na chupa za maji yasomewe, na watoto wenye homa wawekewe mkono.

"Mkono wangu unanuka mbuzi," Bibi Shinuna aliwaambia mwanzoni. "Mpelekeni mtoto akaoshwe kwa maji ya baridi."

Wakasema huo ndio unyenyekevu wa mawalii. Mtu akiamua kukuona walii, hata ukipiga chafya atapata hekima ndani yake. Naye Bibi, ambaye tangu afiwe na mumewe hakuna aliyekuwa akimtembelea, alianza kutandika mkeka wake mzuri ukumbini kila asubuhi. Tusimlaumu upesi. Upweke ni mtihani kama mitihani mingine.

Ilikuwa desturi ya mji kwamba kila Alhamisi alasiri, kabla ya zamu ya Bwana Hilal, tasa inasafishwa mbele ya wote wenye zamu, ili kila mtu aione kwa jicho lake. Alhamisi moja Rayya alichelewa kidogo na akaibandua nta kwa pupa. Sheikh Muhanna akaichukua tasa, akaifuta kwa kitambaa kama kawaida yake, na kwa kuwa macho hayakumsaidia, akapitisha kidole gumba kwenye tundu. Kidole kikasimama.

Angeweza kukipitisha tena na kunyamaza, nani angejua? Lakini alisema kwa sauti, "Jamaa, tasa ina nta."

Bwana Hilal akaruka. "Nilisema mimi! Nilisema maji yangu yanakatwa! Mkasema Hilal ana tamaa!"

"Hilo bado tunalisema," akajibu mmoja, na watu wakacheka, lakini cheko halikudumu.

"Katika mji huu," akasema Bwana Hilal, "mwenye nta ni nani?"

Vichwa vyote vikageuka kumtazama Mabruk, aliyesimama nyuma ya watu.

Sasa nataka msimame hapa kidogo, ninyi mnaosoma mashuleni na kufundishwa kufikiri. Anayetia nta katika zamu inayotangulia zamu ya Hilal anapunguza maji ya Hilal. Mabruk angepata faida gani? Hakuna aliyeuliza. Bwana Hilal alisema, "Ni husuda, mtu wa asili ile humjui yuko vipi," na watu wazima, waliohifadhi Qur'ani na kuandika mashairi, wakatikisa vichwa kama kwamba wameelezwa jambo. Wala hakuna aliyejiuliza kama maji yaliyokatwa kwa Hilal ndiyo yaliyoongezeka kwa Shinuna. Kulijua hilo kungewagharimu karama yao, nao walikwisha kuizoea. Wakaenda nyumbani na mambo mawili vichwani, karama huku na wizi kule, na hawakuyakutanisha.

Kadhi Azzan, mzee mtulivu, akatoa uamuzi. Ijumaa baada ya sala, Mabruk ataweka mkono ndani ya hodhi na kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakuichezea tasa. Akiapa, yuko huru. Akikataa kuapa, basi amehukumiwa: ataondoka mjini, na kila alicho nacho bondeni kitarudi kwa Bwana Hilal.

Rayya alimkuta Mabruk asubuhi ya Ijumaa karibu na mfereji, akiosha vyungu vya asali.

"Apa tu," alimwambia, akitazama pembeni. "Wewe hukufanya kitu. Apa, uende zako."

"Nikiapa," Mabruk akasema, "swali litakalofuata ni hili: nta yako unampa nani? Mwaka huu nimempa mtu mmoja tu. Aliniambia ni ya uzi."

Rayya akavuta ushungi mbele ya uso.

"Kwa nini husemi, basi?"

"Aibu ya mtu Mungu ameisitiri. Mimi nani niifunue?" Akageuza chungu, akakisugua ndani. "Tena jina la Mwenyezi Mungu silitumii kununua kiraka cha ardhi. Hayo ndiyo aliyonifunza mama."

"Mabruk, mimi sikukusudia wewe. Nilipunguza ya Bwana Hilal. Yale anayoyamwaga."

Kijana akamtazama kwa mara ya kwanza. "Anayoyamwaga?"

"Yale yanayotoka chini ya ukuta."

Mabruk akaweka chungu chini. "Njoo," akasema.

Wakateremka, yeye mbele, Rayya nyuma kwa mbali. Chini ya ukuta ule kwenye lile tundu ulianzia mfereji mwembamba, uliojengwa kwa mawe yaliyopangwa kwa mikono ya mtu mwenye subira, nao ukaishia kwenye shamba lisilozidi ukumbi wa nyumba. Vitunguu vilikuwa vimelala chini, rangi ya majani makavu. Maboga yalikuwa yamesinyaa yangali madogo kama ngumi. Magogo mawili ya nyuki yalikuwa kimya.

"Marehemu baba yake Hilal alipomwacha huru mama yangu alimpa hapa, na maji ya mkia wa zamu yake," Mabruk akasema. "Hilal akinywesha shamba lake lote, yanayobaki kabla ya adhana ni yangu. Zamu ikikatwa, haukatwi mwanzo wake, unakatwa mkia. Hilal hapungukiwi, binti Sheikh. Hilal akipungukiwa, napungukiwa mimi."

Rayya alivitazama vile vitunguu. Akasema, "Nilitaka kumsaidia Bibi."

"Najua. Ni mama mwema." Akainama akang'oa kitunguu kimoja, kikatoka chepesi kama karatasi. "Mimi nina ombi moja tu. Huyo mtu wa uzi akinikuta na shida popote duniani, tafadhali asinionee huruma."

Rayya aliporudi nyumbani alimkuta baba yake ameketi, tasa iko magotini, anaifuta ingawa ilikwisha kung'aa.

"Baba," akasema, "mtu akitoa sadaka kwa nia safi kabisa..."

"Ya mali yake?"

Rayya akaitazama tasa.

Sheikh Muhanna aliendelea kufuta. Alikuwa amejua tangu kidole kiliposimama? Wahadithiaji wanahitilafiana. Wanachoafikiana ni kwamba hakumuuliza chochote, wala hakuinua sauti. Alisema tu, "Leo baada ya sala nitaikabidhi tasa. Amana ikichezewa chini ya mkono wangu, mkono wangu haustahili tena kuishika."

"Baba, hukufanya wewe!"

"Niliacha ifanyike. Nilijua macho yangu yamekwisha, nikaona haya kuwaambia watu, nikakubebesha wewe." Akaigeuza tasa. "Kila mtu na aseme lake. Hilo langu."

"Watasema nini juu yetu?"

"Watasema," alijibu, naye akatabasamu kidogo. "Watu hawajawahi kuishiwa na maneno. Maji ndiyo yanayowaishia."

Baada ya sala ya Ijumaa mji wote ulikuwa uwanjani mbele ya msikiti, wanaume wakizunguka hodhi, wanawake nyuma yao kando ya mfereji. Sheikh Muhanna aliiweka tasa mbele ya kadhi, akaeleza habari ya macho yake kwa maneno machache, akaomba radhi. Watu waliinamisha nyuso. Kadhi Azzan akamwita Mabruk.

"Weka mkono majini, mwanangu, uape."

"Siapi, Sheikh."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye makuti. Bwana Hilal akafungua mikono yake pande zote. "Mmesikia wenyewe!"

"Mabruk," kadhi akasema, na sauti yake ilikuwa karibu kumsihi, "unajua maana ya kukataa?"

"Naijua, Sheikh. Nitachukua mizinga yangu tu, kama mtaniruhusu. Nyuki hawana kosa."

"Kwa nini huapi?"

Mabruk akatazama chini. Hakutazama upande wa wanawake, na Rayya aliona jinsi anavyojizuia asiutazame.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kavu, yenye mikwaruzo. "Kadhi, mwache kijana. Karama yangu nairudisha."

Alikuwa Bibi Shinuna. Wanawake wakamvuta nguo. "Nyamaza, Bibi, usikufuru neema!"

"Neema gani? Niachieni nguo yangu." Akasogea mbele, akiegemea fimbo. "Maji yangu yaliongezeka siku zile zile ya Hilal yalipopungua. Mimi si mjinga. Mtende ule nimeuombea dua miaka yote haukunisikia, ungenisikiaje mwaka wa ukame? Nilijua kuna mkono wa mtu. Nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mkija kunitembelea." Sauti ikamtetemeka kidogo, akaikaza. "Mkono wa nani sijui, na sitaki kusema ninachokidhani. Lakini si mkono wa huyu kijana. Huyu maji yamemkaukia."

Bwana Hilal akasema bibi kizee amechanganyikiwa. Wengine wakasema kelele zipunguzwe. Kadhi akainua mkono, akangoja, na alipoona hakuna anayeongeza neno akavuta pumzi ya mtu anayelazimika kuhukumu asichokipenda.

Rayya alikuwa amesimama kando ya mfereji, na kati yake na hodhi palikuwa na migongo ya wanaume wa mji mzima. Alikuwa na sababu nyingi za kunyamaza, na zote zilikuwa nzuri: heshima ya baba yake aliyekwisha kufedheheka kiasi cha kutosha, uchumba wake uliokuwa ukizungumzwa, Bibi aliyejivua karama yake mwenyewe, basi mambo si yamekwisha? Na Mabruk mwenyewe amesamehe, amesitiri, anaondoka kwa hiari. Tuseme kweli, wanangu: unyamavu haumjii mtu ukiwa na sura mbaya. Humjia umevaa vizuri, unanukia udi, unamwambia anawahurumia wengine. Rayya aliutazama unyamavu wake na akaujua. Ndiyo ile ile huruma yake ya zamani, na safari hii tena ilikuwa inalipiwa na mtu yule yule.

Akapita. Migongo ikapisha, kwanza kwa mshangao, halafu kwa aibu ya kumwona binti wa Sheikh Muhanna amesimama peke yake kando ya hodhi. Hakuna aliyemtaka kuapa, lakini alikunja mkono wa kanzu yake akautia majini mpaka kiwikoni, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi ya kusema kweli mahali pale. Baba yake hakumwona. Aliisikia sauti ya maji, akainua uso.

"Wallahi, nta niliitia mimi," Rayya akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia wasikie mpaka nyuma. "Niliitia mimi. Mabruk alinipa nta kwa sababu nilimdanganya kwamba ni ya uzi. Bibi Shinuna sikumwambia, na Baba alikuwa akisomesha watoto wenu. Niliona maji yakitoka chini ya ukuta wa Bwana Hilal nikasema yanamwagwa, wala sikushuka kutazama yanakwenda wapi. Nikajiona mkarimu. Ni mimi. Na sadaka niliyoitoa ilikuwa mali ya Mabruk."